Ukurasa Haupo, na Sisi Tupo

Mjukuu wangu anajua kompyuta. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ninaloanza nalo popote, kanisani, sokoni Tengeru, hata msibani, na aliyenichoka kwa hilo anichoke vizuri. Mimi niliishia darasa la nne. Wadogo zangu walihitaji mgongo wa kubebewa na mama alihitaji mikono shambani, basi nikatolewa shule. Kusoma najua, kuandika najua, ila naandika kama ninavyoongea, sina namna nyingine. Huyu msichana nimemlea tangu anatambaa, wakati baba yake akihangaika migodini, na leo anakaa mjini, Levolosi, kwenye chumba cha kupanga ambacho kitanda na meza vinagombania ukuta mmoja. Kazi yake ni kutengeneza websaiti. Nikimtaja nanyoosha shingo.

Sasa nieleze kisa cha ile websaiti yetu.

Huku kwetu Akheri, upande wa juu ambako migomba inakaribia kugusana na msitu, tuna kikundi cha akina bibi tunaopokea wageni. Mgeni anakuja nyumbani kwako. Unamtembeza shambani, anachuma kahawa, unampa mchi atwange kwenye kinu mpaka jasho limtoke, mnaikaanga, mnaichemsha, anakunywa alichokitwanga mwenyewe. Halafu anakula. Kwangu anakula loshoro, mahindi na maziwa ya mgando, na mpaka leo hajatokea aliyeacha sahani ikiwa na kitu. Jirani yangu wa bondeni anapika mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama. Mtori wake una maji mengi, lakini wageni hawajui, wanasifu.

Hapo mwanzo wageni tuliletewa na dalali mmoja wa mjini. Alikuwa anawapeleka nyumba za kando ya barabara tu, kwa sababu hakupenda kuchafua viatu. Wale wa juu tulikaa na kahawa yetu. Siku niliyopata zamu hatimaye, alinijia na mfuko wa mashuka mekundu na shanga. Akasema, "Bibi, vaa hizi, picha zinatoka vizuri."

Nikamwambia, "Mwanangu, mimi ni Mmeru. Nina gauni langu la kitenge na kilemba. Hilo shuka ni vazi la watu wengine, na kwao lina heshima yake. Mimi nikilivaa nitakuwa nimewaibia wao na kujidanganya mwenyewe."

"Mgeni hajui tofauti, bibi."

"Mimi najua."

Sikuvaa, na hakunirudia. Jirani yangu wa bondeni alivaa. Nilipita pale kwake nikamkuta amefungwa shuka kama kitanda cha gesti, akaniona, akageukia upande wa migomba mpaka nilipopita. Sikumcheka siku ile. Nilimcheka baadaye.

Ndipo mjukuu wangu akasema atatutengenezea mlango wetu wenyewe. Mgeni popote alipo duniani afungue, atuone sura zetu, achague nyumba, aweke nafasi, aje. Bila dalali katikati. Wenzangu wakauliza kama binti wa juzi ataweza. Nikasema ataweza, na kama hawezi mimi nitarudi kuvaa shuka jekundu, nicheze na ngoma. Nilisema hivyo mbele ya kikundi kizima, maana mdomo wangu hunitangulia siku zote.

Alinieleza ile kazi akiwa amekaa kwenye kigoda changu, mimi namenya ndizi. Websaiti, alisema, ni kama boma. Nyumba kubwa anaijenga yeye. Lakini kuna vyumba ambavyo watu wengine wameshavijenga, unavichukua na kuvipachika kwenye nyumba yako, vinaitwa plagini. Chumba cha kuweka nafasi alikichukua kwa mwenzake aliyesoma naye chuo. Kingine cha picha, kingine cha wageni kuandika maoni. Kila chumba kina anwani yake: unaandika jina la kikundi, unaweka mkwaju, yaani kamstari kalikoinama, halafu neno la chumba. Nafasi. Picha. Maoni. Na anayebisha hodi lazima awepo wa kumwelekeza, huku nenda huku usiende. Hiyo kazi ya kuelekeza ndiyo aliyokuwa akiiandika.

"Na sisi tunakaa wapi?" nikamuuliza.

"Ninyi nawaweka mwisho wa kazi yangu, bibi, ili niwaweke vizuri."

Akatupiga picha mmoja mmoja, kila mtu na nguo aliyoitaka. Akafanya kila bibi awe na ukurasa wake na anwani yake: jina la kikundi, mkwaju, jina lako. Basi. Niliona langu kwenye simu, jina langu limekaa peke yake pale mwisho kama kibao cha daktari. Niliomba nilione tena. Na tena.

Shida ilikuja Jumanne. Mwenyekiti wetu alimwita kila mtu kwake tuonyeshwe mlango uliokamilika, mjukuu wangu akiwa kazini mjini. Jirani yangu wa bondeni ndiye aliyeshika simu, kwa sababu ana simu kubwa na hupenda ijulikane. Akafungua. Mlima ukatokea, migomba ikatokea, sisi tukatokea, vigelegele vikapigwa. Akabonyeza palipoandikwa Weka Nafasi.

Ukatokea ukurasa mweupe. Katikati maneno mawili: Ukurasa haupo.

Akabonyeza Picha. Ukurasa haupo. Maoni. Ukurasa haupo.

"Labda umebonyeza vibaya," nikasema.

"Nina kidole kimoja tu cha kubonyezea, mama, na ndicho hiki tangu nizaliwe."

Kila mtu akajaribu. Nyuso zetu zilifunguka zote, hata ya yule aliyefumba macho kwenye picha. Vyumba vya plagini hakuna hata kimoja kilichofunguka. Wenzangu walianza kukunja khanga zao taratibu, namna watu wanavyofanya wakitaka kuondoka bila kukuumiza. Mwenyekiti akasema lililokuwa tumboni mwake. Dalali alikuwa amempigia. Msimu wa wageni unaanza, anataka kujua kama anatuweka kwenye safari zake au hapana, na jibu analitaka Alhamisi. "Mlango wetu ukifunguka Alhamisi, vizuri," mwenyekiti alisema. "Usipofunguka, turudi kwake. Mgeni hawezi kungoja nje."

"Kwa hiyo Alhamisi tunachagua," akasema jirani yangu, akaniangalia. "Shuka ninalo moja la akiba, usihangaike kununua."

Nilimpigia mjukuu wangu nikiwa bado njiani. Sikumsalimia. Nikamwambia, "Vyumba vyako havifunguki."

Akaniuliza, "Mbona kwangu vilifunguka?"

"Basi leta hiyo kwako huku."

Alikuja Jumatano asubuhi, mgongoni begi la kompyuta, mkononi mkate wa mjini ambao ananiletea ingawa anajua siupendi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekula?"

"Tatizo litakuwa dogo tu, bibi."

"Nimekuuliza kama umekula."

Alikunywa uji amesimama, halafu akahamisha kigoda mpaka kando ya tangi la maji, maana hapo ndipo mtandao unaposhika kwenye boma langu. Ukungu ulikuwa umefunika mlima wote, kuku wakitafuta chini ya migomba, na mimi nikakaa karibu na beseni langu la ndizi. Nilitaka nimwone akifanya kazi. Nilikuwa najua anachokifanya kwa kusimuliwa, na kusimuliwa si kuona.

Nilidhani nitaona vidole vinakimbia. Sivyo. Alikaa anaangalia. Anaandika kidogo, anangoja, anatikisa kichwa. Kwanza alihisi ni simu zetu zinakumbuka mambo ya zamani, akazifuta kumbukumbu, akajaribu. Ukurasa haupo. Akahisi plagini hazijawashwa. Zilikuwa zimewashwa zote. Akazitoa, akazirudisha upya. Ukurasa haupo. Akasema labda ni ule mkwaju wa mwisho, kwamba wengine wanauweka na wengine hawauweki, akajaribu na mkwaju na bila mkwaju. Kote haupo.

Akampigia yule mwenzake aliyejenga chumba cha nafasi, akaweka sauti ya nje.

"Oya, kwangu iko fresh kabisa," kijana akasema. "Hapa nimeifungua sasa hivi."

"Mwambie kwake si Akheri," nikasema.

"Nani huyo? Ni bibi? Shikamoo bibi!"

"Marahaba, mwanangu. Mlango wako unanitia aibu."

"Bibi, mlango wangu mzima. Aangalie nyumba aliyoupachika."

Mjukuu wangu akakata simu, akabaki ameshika paji la uso. Mimi ningemtukana yule kijana kidogo. Yeye akasema, "Ana haki." Akavuta kompyuta karibu. "Bibi, nikikosa kuona, naondoa kimoja kimoja mpaka nijue nani anamzuia mwenzake."

Hiyo nikaielewa. Taa ikizimika nyumbani unachomoa pasi, unachomoa redio, mpaka umpate anayekata umeme. Akaondoa plagini ya picha na ya maoni, akabakisha ya nafasi peke yake. Ukurasa haupo. "Kwa hiyo hizi hazigombani zenyewe kwa zenyewe," akasema. Akaondoa mapambo ya ukurasa wa mbele. Haupo. Akaendelea kupunguza, mpaka boma lote likawa tupu, kimebaki kile chumba na sisi bibi.

Akasita. Akaniangalia, akaangalia kompyuta.

"Umebakiza nini?" nikauliza.

"Ninyi."

"Sisi tumefanya nini?"

Akatutoa. Nyuso zote, majina yote, mara moja. Akabonyeza Weka Nafasi, na chumba kikafunguka hapo hapo, kimetulia, kalenda imejipanga, kinauliza mgeni anakuja lini.

Sisemi uongo, iliniuma. Sisi tulipotolewa, mlango ukafunguka. Niliweka kisu kwenye beseni. "Kwa hiyo dalali alikuwa sahihi," nikasema. "Biashara inaenda vizuri tukiwa hatuonekani."

"Bibi, usiseme hivyo. Ngoja nijue kwa nini."

Akaturudisha sisi na vyumba vingine vyote. Halafu akaiambia ile mashine iandike, kila hodi inayobishwa, nani ameipokea. Alinieleza akiwa anaandika, bila kuinua macho. Akabisha kwa jina langu. Mashine ikaandika kwamba imepokelewa na kurasa za bibi. Akabisha Nafasi. Imepokelewa na kurasa za bibi. Picha, kurasa za bibi. Maoni, kurasa za bibi.

Akaanza kucheka, mikono imefunika mdomo, kama alivyokuwa akicheka kanisani akiwa mdogo nikimfinya.

"Niambie na mimi nicheke."

"Bibi, ninyi mnapokea kila mtu." Akanigeuzia kompyuta, akanionyesha faili yenye mistari midogo kama nyayo za siafu. "Mashine inasoma hapa kutoka juu kwenda chini. Wa kwanza kukubali hodi ndiye anayemchukua mgeni, walio chini hawaulizwi tena. Mstari wa juu kabisa ni wenu. Na unasema hivi: neno lolote likija baada ya jina la kikundi, lichukue, ni jina la bibi. Sasa mgeni akiandika Nafasi, mnaichukua ninyi. Mashine inatafuta kwenye orodha yenu bibi wa jina hilo, haimwoni, inasema haupo. Chumba kipo pale chini kinangoja, hakijaletewa mtu."

"Na kwako ilifunguka kwa nini?"

"Nilijaribu kabla sijawaweka ninyi. Niliwaweka mwisho wa kazi, lakini nikawaandika juu ya wote. Baada ya hapo nilijaribu kurasa zenu tu."

"Kwa nini juu ya wote?"

Hapo aliona haya kidogo. "Ningeanzaje na plagini, bibi? Nilifungua ile faili, nikaona siwezi kuandika kitu kingine juu ya majina yenu. Na mwanzo nilitaka kuweka neno mbele ya kila jina, tuseme 'wenyeji', halafu ndiyo jina. Watu wengi ndivyo wanavyofanya. Nikaona ni kama kumsimamisha mtu mlangoni mwa bibi yangu. Nikalitoa."

Huku kwetu mtoto hunyanyuka mkubwa akiingia. Kwenye sherehe sahani ya kwanza inaenda kwa wazee, na mtoto anayenyoosha mkono kabla anapigwa jicho la kumtosha wiki nzima. Hayo nilimfundisha mimi, kwa jicho na kwa mwiko. Akaenda nayo chuo, akaenda nayo mjini, akaenda nayo mpaka ndani ya kompyuta ambako hakuna anayemwona. Nilimlea vizuri mpaka mlango ukakataa kufunguka.

"Sasa unarekebishaje?"

"Nawashusha. Plagini ziulizwe kwanza, kila moja inajua neno lake moja tu, haitachukua la mwingine. Ninyi mnakuwa chini kabisa."

"Chini ya picha?"

"Ndiyo."

"Chini ya maoni ya watu?"

"Bibi, ni mpangilio tu. Hakuna mtu anayeuona."

"Wewe umeuona. Na mimi sasa nimeuona."

"Basi niwape lile neno la kutangulia. Wenyeji, mkwaju, jina lako. Hapo mnaweza kukaa popote."

"Jina langu lipange foleni nyuma ya neno? Hapana."

Akashusha pumzi. Ana subira kuliko mimi, sijui kaitoa wapi, kwetu haipo. "Bibi, mnapokea hodi isiyo yenu, halafu mnamwambia mgeni hakuna mtu. Huo ndio ukarimu?"

Neno hilo liliniingia. Nikamenya ndizi moja, nikamenya ya pili. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda na jua lilikuwa limefika kwenye bati la jiko.

"Fanya," nikamwambia. "Tushushe."

Akakata mstari wetu juu, akaupachika chini. Ilichukua muda mfupi kuliko kumeza mate. Akabisha Nafasi, ikafunguka. Picha, ikafunguka. Maoni, ikafunguka. Akabisha jina langu, na mimi nikatokea, gauni langu la kitenge, kilemba kimekaa sawa. Nikatandaza ndizi sufuriani nikimwambia la mwisho: "Kesho uwaonyeshe inafunguka. Mambo ya nani yuko juu nani yuko chini, usiwaambie."

"Nitawaambia, bibi."

"Kwa nini ujitie matatani?"

"Kwa sababu mlango ni wao. Siku nikiwa sipo na mtu mwingine akaja kuurekebisha, lazima wajue umepangwaje."

Nilibishana naye mpaka chakula kikaiva. Sikushinda. Hilo nalo alilipata kwangu.

Alhamisi tulikutana kwenye kibaraza cha mwenyekiti. Simu ya jirani yangu wa bondeni ikazungushwa, kila mtu akabonyeza, kila chumba kikafunguka. Mwenyekiti aliweka nafasi ya uongo kwangu, ikakubali, kisha akaifuta haraka nisije nikapika. Vigelegele vikaanza. Nikamkonyeza mjukuu wangu akae chini. Hakukaa. Akasimama pale mbele na jinzi yake, mikono nyuma, akawaeleza yote: mstari wa juu, mstari wa chini, neno lolote, na kwamba kosa lilikuwa lake.

Vigelegele vikapungua.

"Ngoja nielewe, mwanangu," akasema jirani yangu wa bondeni, akiinama mbele. "Juzi tulikuwa juu, mlango haufunguki. Leo tuko mkiani, umefunguka."

"Ndiyo, mama."

"Dalali alituvisha mashuka, wewe umetuweka nyuma ya picha. Tofauti iko wapi?"

Wengine wakacheka, wengine hawakucheka. Mwenyekiti akakohoa. Niliona wawili wanaangaliana kwa namna ambayo sikuipenda, ile ya watu wanaokumbuka namba ya dalali. Jirani yangu akachukua simu yake. "Na hebu tuone kama mkia unafanya kazi." Akaandika jina la kikundi, akaweka mkwaju, akaandika mbuzi.

Ukurasa haupo.

"Haya," akasema, akiinua simu wote waone. "Nimebisha kwa mbuzi, nimeambiwa hayupo. Na mbuzi ninao wanne."

"Mama, kilichofika mwisho bila kupata mwenyewe lazima kijibiwe hivyo," mjukuu wangu akasema. "Kimepita vyumba vyote, kimefika kwenu, na kwenu hakuna jina hilo."

"Kimefika kwetu?" nikauliza.

"Ndiyo, bibi. Kila anayepotea anaishia kwenu."

Mimi nilisimama. Sikusimama kwa hekima, nilisimama kwa hasira. Tangu Jumanne yale maneno mawili yalikuwa yananikera na sikujua kwa nini, na sasa nikajua. Nikasema, "Kwa hiyo mtu amepotea, amepita kote, amefika mlangoni kwetu wa mwisho, na sisi bibi wote tumekaa ndani, tunamjibu haupo? Nani kati yenu amewahi kumjibu hivyo mtu aliyepotea? Hata yule mwenda wazimu wa sokoni akifika kwangu anapewa maji kwanza, ndipo anaelekezwa. Mimi kuwa mwisho sasa sijali. Kama mwisho ndipo waliopotea wanapofika, basi hapo pana kazi yetu. Ila hilo jibu litoke."

Kisha jirani yangu wa bondeni, ambaye hajawahi kukubaliana nami tangu tubatizwe, akasema, "Hapo umesema." Akamgeukia mjukuu wangu. "Linaweza kutoka?"

"Linatoka sasa hivi, mama. Niambieni niandike nini."

Ndiyo ukaanza ugomvi wenyewe, ule mtamu. Mmoja alitaka mstari wa Biblia. Mmoja akasema mstari wa Biblia mrefu, mgeni atachoka, na yuko Mwislamu pia atakuja. Mwenyekiti alitaka iandikwe kwa Kiingereza, akaambiwa Kiingereza kiwe chini, nasi tumezoea kuwa chini, kitazoea. Mwishowe tukapatana: Hujapotea, umefika kwetu. Karibu, uliza. Na chini yake njia za kwenda nafasi, picha na maoni. Halafu ikaja habari ya sura ya nani iwekwe, na pale tungelala siku mbili kama mjukuu wangu asingetusukuma wote kwenye benchi mbele ya jiko la mwenyekiti na kupiga picha moja ya pamoja. Yule wa kufumba macho akafumba tena.

Akaiweka akiwa amekaa kwenye ngazi. Jirani yangu akabisha mbuzi mara ya pili. Tukatokea wote kwenye benchi, tunamkaribisha.

Kura ilipigwa kwa kunyoosha mikono. Ilinyooka yote. Mwenyekiti akampigia dalali hapo hapo, akamwambia asante baba, tumepata mlango wetu, na tunakurudishia mashuka yako tumeyafua. Jirani yangu akachelewa kidogo kunyanyua macho kwenye hilo la mashuka, nami nikapata nafasi ya kumcheka niliyokuwa nikiitunza.

Mjukuu wangu alirudi Levolosi jioni ile ile. Nilimsindikiza mpaka barabarani, nimebeba mkungu wake wa ndizi ingawa alikataa. Nikamwambia siku nyingine akiwaweka wazee, ajaribu na milango mingine kabla hajaondoka. Akasema, "Sawa, bibi." Sikumwambia kwamba najivuna, maana nilikuwa nimeshamwambia kila mtu mwingine.

Mgeni wa kwanza kuweka nafasi kwenye mlango wetu hakuchagua kwangu. Alichagua kwa jirani wa bondeni, kwa ajili ya ule mtori. Nilikasirika kiasi cha kutosha, kisha nikashuka kwenda kumsaidia kutwanga kahawa, kwa sababu bega lake moja linauma. Nilimkuta amesimama mlangoni anamngoja mgeni, gauni lake la bluu la kanisani, kilemba kipya, hana shanga hata moja. Nami nilikuwa na kitenge changu.

"Nimependeza?" akaniuliza.

"Umependeza," nikamwambia. "Ila punguza maji."